Naandika Wasifu, Sijafa

Juzi usiku mama alinipigia kutoka Tukuyu, akaniuliza mbona sauti yangu imekuwa nzito hivyo. Nikamwambia sina shida, mama, niko hapa naandika wasifu.

Kimya. Kwa mbali nikasikia mbuzi wa jirani.

“Wasifu wa nani, mwanangu? Nani katutoka?”

“Hakuna, mama. Wangu mimi.”

Aisee, kilichofuata ni kishindo. Simu ilidondoka, na dakika kumi baadaye nikapigiwa na mchungaji. Mchungaji! Saa nne na nusu usiku, anaanza na “kijana wangu, hakuna jambo lisilozungumzika.” Ikabidi nimweleze mtumishi wa Mungu kwamba natafuta nafasi ya fildi, yaani mafunzo ya vitendo ya chuo, wiki nane tu, na ofisi zote zinataka wasifu. CV, baba mchungaji. Akashusha pumzi. “Kumbe CV! Si ungesema CV?” Akaniombea niipate.

Simlaumu mama. Kwetu wasifu wa mtu unasomwa mara moja tu, na mwenyewe yumo ndani ya sanduku. Mzee anasimama na karatasi iliyokunjwa mara nne, spika inakwaruza: marehemu alizaliwa mwaka 1949, alisoma hadi darasa la nne, aliajiriwa kiwanda cha chai, alipenda kwaya, ameacha mjane, watoto saba na wajukuu kumi na tisa. Ukiichukua karatasi ile ukailaza kando ya CV, mpangilio ni uleule: kuzaliwa, shule, kazi, unachopenda. Ila marehemu ananizidi. Ana uzoefu wa miaka thelathini, na hakuna afisa atakayempigia mtu simu kuuliza kama kweli alipenda kwaya.

Mimi nina miaka ishirini na mbili, nipo mwaka wa pili, na hapa naomba mnicheke taratibu: nasomea rasilimali watu. Yaani nasomea nije nikae ofisini kwenye kiti cha kuzunguka, nizisome CV za wenzangu na kuzitupa. Yangu mwenyewe imenitoa jasho wiki ya tatu sasa.

Nilianza na elimu, maana huko angalau nina vyeti. Shule ya msingi, 2010 hadi 2016. Kidato cha nne 2020. Kidato cha sita 2023. JKT kwa mujibu wa sheria, miezi mitatu, hiyo nikaisogeza kwenye “Uongozi” kwa sababu niliwahi kuongoza makuruti watatu kubeba sufuria la maharage. Chuo, kuanzia 2023. Nikatazama: robo ukurasa. Nikaachanisha mistari. Nikakuza herufi mpaka jina langu likawa kama bango la mkutano wa hadhara. Karatasi bado nyeupe kama shuka la hospitali.

Ndipo nikafika kwenye “Uzoefu wa Kazi”.

Kuna tangazo nilibandika ukutani ili linipe hasira. Nafasi ya kujitolea, wanaandika, mwombaji awe na uzoefu usiopungua miaka mitatu. Ya kujitolea! Bila mshahara, nauli yako, maji ya kunywa uje nayo, na bado wanataka uwe umeshajitolea kwingine miaka mitatu. Sasa nani huwa wa kwanza? Kuna mtu alizaliwa ameshajitolea?

Barua pepe nayo. Niliifungua nikiwa kidato cha pili, inaanza na “mtotowamjini” na kuishia na namba ya jezi. Mtoto wa mjini gani, na muda ule mjini nilikuwa napaona kwenye kalenda? Nikafungua mpya. Nywila yake nimeshaisahau.

Na picha. Pale nje ya geti la hosteli kuna studio, na studio ile ina koti moja. Moja, la buluu, begani lina alama ya mkono wa mtu mwenye poda. Unavalishwa, na kwa kuwa ni kubwa, kaka wa studio analibana mgongoni kwa vibanio vya nguo. Mbele unaonekana waziri, nyuma unaonekana kamba ya kuanikia. Tai yake ina mistari myekundu na imeshafungwa tayari, unaingiza kichwa tu kama mbuzi. Nimeanza kutazama picha za wenzangu wa hosteli: wote tai ileile. Siku moja ofisi fulani itatandaza CV zetu mezani na kudhani sisi ni kwaya.

Lakini hayo yote ni mchezo mdogo ukilinganisha na steshenari.

Dada wa steshenari ana kucha ndefu, zinagonga kibodi kama mvua kwenye bati. Hauandikiwi CV pale, unavalishwa ya mwenzako, kama lile koti. Ana faili linaitwa “CV mpya kabisa 4”, na kila mteja anayekuja anaingizwa humo: anafuta jina, anaweka jina, anafuta tarehe ya kuzaliwa, anaweka tarehe. Alipofika kwenye shule umeme ukakatika. Uliporudi foleni ilikuwa imefika kwa muuza mihogo, kila mtu anataka cha kwake kabla haujakatika tena. Dada akaprinti. Nakala kumi, bahasha kumi za kaki. Nikapanda mwendokasi kwenda Posta, katikati ya Dar, na shati limenyooshwa mbele tu, nikaanza kugawa kama mtu wa mialiko ya harusi.

Ofisi ya tatu, dada wa mapokezi akaifungua palepale. Akasoma. Akanitazama. Akasoma tena.

“Kaka, wewe ndiye mkunga?”

“Mimi nani?”

Akaigeuza niione. Jina langu, picha yangu na tai yangu. Chini yake: uzoefu, mkunga wa zahanati, miaka sita. Hali ya ndoa: nimeolewa. Wala siyo nimeoa, ndugu zangu, nimeolewa! Watoto wawili. Ninachopenda: netiboli.

“Mumeo hana wivu,” dada akasema, “kukuachia uzunguke mjini peke yako.”

Nilicheka naye, maana ungefanyaje. Lakini zile ofisi mbili za mwanzo sikurudi. Mpaka leo kuna majengo mawili pale Posta yanajua mimi ni mke wa mtu.

Nikarudi chumbani, nikafukua daftari la mwaka wa kwanza la stadi za mawasiliano. Mle kuna habari moja mhadhiri aliitaja tukiwa tunasinzia. Kwenye mwaka 1482 hivi, Leonardo da Vinci aliandika barua ya kuomba kazi kwa Ludovico Sforza, mtawala wa Milano. Akajieleza: najua kujenga madaraja mepesi yanayobebeka, najua kutengeneza mizinga, najua magari ya vita yaliyofunikwa. Mwishoni, kama mtu aliyekumbuka mlangoni, akaongeza kwamba hata kuchora anaweza. Yule aliyekuja kuchora Mona Lisa! Na nakala ya barua ile iliyobaki, wataalamu wanasema, si mwandiko wake. Hapo moyo ukatulia. Naye alikuwa na dada wa steshenari.

Nilichojifunza nikakiandika kwa wino mwekundu: mwambie tajiri anachotaka yeye. Sforza alitaka mizinga. Ofisi zinataka uzoefu. Na mimi, nikisema ukweli, uzoefu ninao. Ninao wa mwaka mzima na nusu, ila una harufu ya mafuta.

Bumu, ile hela ya kujikimu ya mkopo wa chuo, likiisha, na bumu huisha mapema kuliko unavyodhani, huwa nashinda jioni kwenye banda la chipsi. Namenya viazi, nakata kachumbari, nasimamia karai. Zege langu, yaani chipsi mayai, lina sifa mpaka hosteli ya pili. Nilikuwa nimelificha jambo hili kwa aibu. Sasa nikamwita mwenzangu wa chumba, anasoma masoko, huyo kutia chumvi anakusomea kwa mkopo wa serikali. Tukakaa mpaka saa nane usiku.

Kwenda alfajiri soko la Mabibo kuchagua gunia la viazi lisilo na maji, akasema, huo ni “usimamizi wa ugavi na udhibiti wa ubora”. Kurudisha chenji ni “utunzaji wa fedha taslimu”. Yule mlevi anayekula sahani mbili akaapa alilipa tatu? “Utatuzi wa migogoro.” Siku Simba na Yanga wanacheza, watu arobaini wanagonga kaunta kwa wakati mmoja na mafuta yanarukia mkono, hiyo tukaiandika “uwezo wa kufanya kazi chini ya shinikizo”, na nikaonyesha makovu, akasema makovu usiweke. Cheo changu kikawa Afisa Uzalishaji na Uhusiano wa Wateja, Sekta ya Chakula. Nilipoisoma kwa sauti nilijiheshimu. Nusura nijisimamie.

Lugha: Kiswahili, fasaha. Kiingereza, fasaha kwa maandishi. Kinyakyusa, naelewa nikitukanwa. Hiyo ya mwisho akaifuta. Ninachopenda: kusoma vitabu na kusafiri. Kusafiri ni Dar kwenda Tukuyu kwa basi, zaidi ya kilomita 800, begi mapajani na kuku wa mtu miguuni. Lakini si nasafiri?

Zikabaki sentimita tano za karatasi, na ndizo zilizoniua. “Wadhamini watatu.”

Hata matangazo ya Sekretarieti ya Ajira yanawataka, watatu wa kuaminika. Wa kwanza nikamfuata mhadhiri. Alikubali bila kuinua kichwa, kisha akaniuliza jina langu mara mbili. Wa pili nikamweka bosi wa chipsi, kwa cheo cha mwajiri. Wa tatu mjomba wangu wa Mbagala, kwa kuwa ni mstaafu na ana sauti ya kuaminika.

Nilimkuta kibarazani. “Shikamoo mjomba.” “Marahaba, karibu ndani.” Mambo mazuri, chai imekuja. Nikasema, mjomba, naomba uwe mdhamini wangu. Kikombe kikasimama hewani.

“Kiasi gani?”

“Siyo mkopo, mjomba. Ni mtu wa kusema tu kwamba ananifahamu.”

“Hata yule aliniambia hivyohivyo.”

Yule ni rafiki yake wa zamani, aliyechukua mkopo wa kausha damu, ule wa riba ya kukunyonya, mjomba akasaini pembeni “kusema tu kwamba anamfahamu”. Rafiki akahama mkoa. Vijana wakaja na Kirikuu, wakaondoka na friji likiwa na samaki ndani. Shangazi mpaka leo anawataja wale samaki kwa majina ya aina zao. Halafu mwaka 2023 nikaja mimi na fomu ya Bodi ya Mikopo, akasaini kwa sababu ya dada yake, na tangu siku hiyo redio ikitamka “wadaiwa sugu” anaizima.

Nikambembeleza mpaka giza likaingia. Mwishoni akasema haya, andika. “Ila namba andika ile ya zamani.” Mimi, kwa ujinga wangu wa usomi, nikaandika inayopatikana.

Ijumaa simu ikaita. Ofisi! Dada mmoja mpole, sauti ya kiyoyozi. Akasema wasifu wangu umewavutia, hasa huo uzalishaji, na walikuwa wanahakiki wadhamini. Nikakaa wima kitandani kama ananiona.

“Mhadhiri wako hapokei. Mjomba wako amepokea.”

“Ndiyo, dada.”

“Amesema hakufahamu, hajawahi kukufahamu, na kama umekimbia na hela zetu tuanzie kwa mama yako Tukuyu.” Akanyamaza kidogo. “Sasa kama hakufahamu, Tukuyu amepajuaje?”

Sikuwa na jibu. Hata Sforza angenyamaza.

“Basi usijali,” akasema, “tunampigia huyo aliyebaki, mwajiri wako.”

Nilishuka ngazi za hosteli na kandambili mguu mmoja. Bodaboda akataka elfu mbili kwa safari ya mia tano, nikampa. Nilipofika bosi alikuwa ameinamia ndoo, anakata viazi, simu iko juu ya kabati la vioo karibu na mayai.

“Bosi, shikamoo, sikiliza, wakipiga simu useme mimi nilikuwa afisa uzalishaji.”

“Afisa nani?”

“Uzalishaji. Na uhusiano wa wateja.”

Akainuka taratibu, kisu mkononi. “Na lile karai la viazi ulilounguza siku ya Simba na Yanga, umeliandika humo?”

“Bosi, nakuomba.”

Simu ikaita. Namba ngeni. Akajifuta mafuta kwenye aproni, upande mmoja wa mkono, kisha wa pili, huku ananitazama kwa jicho ambalo sikulielewa, kama la huruma hivi. Akapokea, akakohoa kidogo ili sauti ikae.

“Haloo? Ndiyo... Ndiyo, mimi ndiye mdhamini wake... Kwani anadaiwa shilingi ngapi?”