Jogoo wa Bosi Akawika Saa Mbili Usiku

Simu ya Bosi wangu ikiingia meseji inawika. Ni jogoo wa kweli, alirekodiwa kijijini kwao, na mwishoni kabisa unamsikia mtu anakohoa. Ofisini tumeshamzoea.

Ijumaa ile asubuhi jogoo alikaa kimya, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Laini ya tawi letu la Morogoro ilikatika, na aliyempa Bosi habari ni mteja.

"Kijana, mteja anajua kabla yangu? Huo mtambo wako unaangalia nini?"

Mtambo wenyewe ni Nagios, programu ya kuangalia vifaa vya mtandao wa kompyuta. Kazi yake ni kupiga hodi kwa kila kifaa, ruta, swichi, kamera, printa: upo? Asiyeitika anapigiwa hodi tena kila dakika, mpaka zitimie kumi, ndipo anatangazwa kwa meseji kwenye simu yangu na ya Bosi. Ongeza zile dakika tano za kusubiri zamu yake, inakuwa robo saa, na mteja wa Morogoro hangoji robo saa. (Programu hii ilizaliwa 1999 ikiitwa NetSaint, yaani mtakatifu wa mtandao. Mwaka 2002 ikabadili jina, na wenyewe wanasema herufi za jina jipya maana yake ni kwamba haitang'ang'ania tena utakatifu. Ningelichukua kama onyo.)

Dawa ilikuwa ndogo tu: kupunguza idadi ya hodi kwa ruta ya Morogoro. Mimi nikaingia kwenye faili la mipangilio yake, nagios.cfg, nikakuta interval_length=60. Sitini! Kumbe ndiyo maana inachelewa. Nikaweka 1. Juu ya mstari ule kuna maelezo kwamba hiyo ni idadi ya sekunde zinazohesabika kama kipimo kimoja, kwamba 60 ni dakika, na kwamba namba nyingine hazijajaribiwa sana. Niliyasoma Jumatatu.

Kwa hiyo kila penye dakika pakawa na sekunde. Hodi kumi zikaisha ndani ya sekunde kumi. Mtu akichelewa kuitika kidogo tu, keshazikwa.

Kabla ya kuiwasha upya niliikagua, jamani, msije mkasema sikukagua. Nikaandika nagios -v, ikasoma mafaili yote, ikaleta: makosa 0, maonyo 0, mambo yanaonekana sawa. Na haikudanganya. Ni kama karani anayetazama barua kama ina muhuri na tarehe. Kwamba ndani umeomba nyumba yako ichomwe moto, hayo hayamhusu.

Nikapanda daladala ya Gongo la Mboto, roho kwatu.

Saa mbili kasoro, tuko kwenye foleni tumeshapita kituo cha Jet, umeme ukakatika Morogoro. UPS, kile kifaa cha kushikilia umeme ukikatika, ambacho betri zake mpya nimeziombea pesa tangu mwaka jana, ikaenda nao. Simu yangu ikalia: MORO-RUTA IMEKUFA. Maneno niliyatunga mimi, maana Bosi alishasema hataki Kiingereza kwenye simu yake. Ikalia tena: MORO-SWICHI-1 IMEKUFA. MORO-KAMERA-3 IMEKUFA. Nagios ina sehemu ya kuandika mzazi wa kila kifaa, ili ruta ikianguka programu ijue kwamba kamera zilizo nyuma yake hazijafa, hazifikiki tu, na ukitaka isikusumbue kwa ajili yao. Mimi sikuandika mzazi wa yeyote. Vifaa 14 vya Morogoro vilikuwa yatima wote, kila kimoja kikatangaziwa msiba wake. Na tangazo lililokuwa lirudiwe kila baada ya saa mbili likawa linarudiwa kila baada ya dakika mbili.

Mama niliyekaa naye alikuwa anasoma pembeni.

"Pole baba. Ni ajali?"

"Hapana mama, ni kamera."

"Hee! Na mpiga picha naye?" Akageuka. "Konda, punguza muziki, kijana kafiwa."

Konda akazima kabisa. Gari zima likanyamaza, simu yangu tu ndiyo inalia.

Bosi akapiga. Ananong'ona.

"Kijana. Niko msibani. Ukweni."

"Bosi, weka simu kimya."

"Mlio aliniwekea mtoto, yuko bweni. Na kuzima siwezi, nasubiri simu ya gari la maiti." Nyuma yake nikasikia jogoo, kikohozi, jogoo. "Wazee wanauliza huyo jogoo ni wa nyumba gani, anawikaje usiku kwenye msiba. Wametuma vijana wakamtafute."

Nikapakua haraka programu ya kuingilia kwa simu kwenye seva, ile kompyuta inayoendesha Nagios. Nikaingia, nikafungua faili kwa vi, programu ya kuhariri mafaili, nikafuta 1, nikaandika 60. Waliowahi kutumia vi wameshajua ninapoelekea. Ili uhifadhi lazima kwanza ubonyeze kitufe cha Esc, ndipo uandike amri ya :wq, na kibodi ya simu yangu haina Esc. Nikaandika :wq hivyohivyo. Ikaingia kwenye mstari: interval_length=60:wq. Nikaandika tena, ikawa mbili. Mama ananipigapiga bega, analia kidogo.

Tulipofika kituo cha Banana simu ikanyamaza. Dakika moja, mbili, tano. Mimi sijahifadhi kitu.

Bosi akapiga, safari hii kwa sauti yake kamili.

"Safi sana kijana! Vijana wamemkamata jogoo wa jirani, wakamchinja, na palepale simu ikatulia. Wazee wanasema mkosi umeondoka. Wewe umefanyaje huko?"

Nilikuwa nimeangalia salio la laini ya modemu inayotuma zile meseji. Kifurushi cha SMS 500, zimebaki 0.

"Nimerekebisha, Bosi," nikamwambia. "Jirani mmemlipa?"