Zipu ya Mgongoni

Fundi anayeweka zipu mgongoni mwa gauni la mama wa miaka 67 amekusudia huyo mama aolewe tena, maana bila mtu wa pili ndani ya nyumba gauni halifungiki. Mume wangu alishatangulia mbele ya haki, watoto wana kwao, na mjukuu anayelala kwangu hupitiwa na gari la shule gizani. Sasa jana nimelichukua gauni la sare, la sendofu ya Jumamosi. Nikalivaa. Zipu ikapanda vizuri mpaka katikati ya mgongo, ikagoma pale pale ambapo mkono wa chini haufiki na mkono wa juu haushuki. Wenye bega la baridi yabisi hapo mnanielewa. Nikajitanda khanga, nikatoka na heshima zangu zote za mwalimu mstaafu, nikavuka uchochoro niende kwa jirani nikafungwe. Jirani hayupo. Aliyekuwepo ni kijana wa maji na mkokoteni wake wa madumu. "Shikamoo bibi, nikusaidie?" Nikamjibu marahaba mwanangu, nilikuja kuulizia bei ya dumu.

Bei nilikuwa naijua.

Kamati ndiyo iliyoanza. Kamati ya akina mama ilikaa kwenye kundi la WhatsApp, ikaamua sare iwe satini ya rangi ya pichi, juu yake lesi. Satini, Dar es Salaam, mwezi wa pili! Ningesema kitu, lakini wakati huo walikuwa wanagombana kama ile ni pichi au ni rangi ya chungwa bivu, na wifi yangu mmoja alikuwa ameshatoka kwenye kundi kwa hasira, akarudishwa, akatoka tena. Nikanyamaza, nikatuma kidole gumba, nikaenda Kariakoo kununua.

Haya, fundi. Fundi wangu yuko Tandika, kibarazani, cherehani mbili na spika moja ya singeli inayomtosha kusikika mpaka Temeke hospitali. Ni kijana mwenye adabu, lazima niseme, shikamoo yake haikatiki. Nilikwenda na maelezo yangu nimeyaandika kwenye karatasi, kwa hati ya ubaoni: zipu iwe ubavuni, au vifungo mbele. Mkono upite kiwiko, kwapa lipate nafasi. Bitana iwe ya pamba. Urefu uishie juu ya kifundo cha mguu, nisije kuukanyaga nikipanda daladala. Na mfuko, pande zote mbili, mfuko wa kuingia simu na miwani. Akaisoma ile karatasi yote, akatikisa kichwa kwa heshima, akaikunja akaiweka chini ya mguu wa cherehani iliyokuwa inayumba. Nafikiri bado ipo, maana jana cherehani ilikuwa imetulia kweli.

Kisha akatoa simu. "Mwalimu, mshono wa mjini sasa hivi ni huu." Picha ya binti, kiuno hicho ningekizunguka kwa viganja viwili.

"Huyu ana umri gani?"

"Huyu ni wa picha tu Mwalimu, hana umri."

"Na mimi mwenye umri?"

"Wewe tutakuongezea shanga."

Akachukua futi. Kupimwa na fundi wa Tandika ni jambo la hadhara. Msaidizi wake anayeandika vipimo huwa amekaa ng'ambo ya barabara, kivulini, karibu na mama wa mihogo ya kukaanga, kwa hiyo fundi anapima na kutangaza. "Kifua mia na nane!" Bajaji inapita. "Hujasikia? Mia na naneee!" Tukafika kunako. Nikamwomba kwa sauti ya chini, baba, hiki andika mwenyewe. "Hakuna shida Mwalimu," akasema, akavuta pumzi. "HIPSI MIA NA KUMI NA NNE!" Mama wa mihogo akaacha kugeuza mihogo, akasema mashallah. Wazee wa bao wakainua vichwa. Mmoja wao ni baba wa mtoto niliyemfundisha darasa la saba, akanipungia mkono kwa unyenyekevu mkubwa, nami nikampungia. Ningefanyaje? Futi iko mwilini.

Basi msaidizi akauliza kutoka kule, "Niandike mia na kumi na nne au nitoe?" Fundi akamjibu, "Toa kumi, lesi inavutika."

Hapo ndipo ualimu ulipopanda. Mimi nimefundisha Hesabu mpaka nimestaafu. Nikamwambia fundi, mia na kumi na nne kutoa kumi ni mia na nne, sawasawa, umepata. Sasa hiyo kumi iliyobaki mimi nitaiacha wapi siku ya Jumamosi, kwa mama wa mihogo? Akacheka sana. Akasema, "Mwalimu, usijali, vuta pumzi ndani kidogo nikupime kiuno." Nikamwambia siku ya sherehe nitakuwa navuta ndani na kutoa nje, zamu kwa zamu, usiku kucha, apime yote mawili. Akapima moja.

Akaniambia nije Alhamisi. Alhamisi ya fundi sihitaji kuielezea. Nilipokwenda kitambaa kilikuwa bado kimekunjwa kwenye mfuko ule ule wa Kariakoo, umeme ulikuwa umekatika, na wa ovaloki alikuwa msibani Rufiji. Nilipokwenda tena nikapewa gauni la mtu mwingine nilijaribu, "ili tupate picha, Mwalimu." Picha tuliyoipata ni kwamba mwenye lile gauni ana bahati.

Jana ndiyo nimekabidhiwa langu. Limebana kutoka kwapani mpaka magotini, halafu chini limechanua mkia wa samaki. Nikipiga hatua natembea kama mtoto aliyeingia mbio za magunia siku ya kufunga shule. Na ubavuni, kutoka chini mpaka sehemu ambayo hata daktari huomba ruhusa, pana mpasuo.

"Fundi, mpasuo huu wa nini?"

"Ili uweze kutembea, Mwalimu. Bila mpasuo hutembei."

"Kwa hiyo umenibana kwanza, halafu ukapasua."

"Ndiyo fasheni yenyewe."

"Na mfuko?"

Akanionyesha kwa fahari. Kifuniko cha mfuko kipo, kimeshonwa kwa uzi wa dhahabu, kina na kishanga. Nikaingiza kidole, hakuna kitu, kidole kimegonga paja. "Ni wa urembo, Mwalimu. Mfuko wenyewe unaharibu shepu." Shepu! Shepu yangu imejengwa na watoto wanne na ugali wa Mkoa wa Iringa, iharibiwe na miwani? Sasa mnajua kwa nini akina mama wa rika langu nauli yetu inatoka kifuani, na kondakta maskini anaangalia nje ya dirisha mpaka shughuli iishe. Wanaume wanashonewa suruali yenye mifuko minne, na humo ndani mna ufunguo mmoja na njiti ya meno.

Kilichoniuma zaidi ni ule mpasuo. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia Januari mosi 1969 marufuku mini, marufuku wigi, marufuku suruali za kubana. Vijana wengine hawakungoja hata tarehe. Mimi nilikuwa mtoto wa shule, lakini nakumbuka dada yangu mkubwa alivyokimbizwa Kariakoo, kituoni, akarudi nyumbani amejifunga khanga ya mama muuza ndizi. Na sketi yenyewe ilikuwa inagusa goti. Ndugu zangu, ningejua walipo wale vijana sasa hivi, na wao wameshakuwa wazee wa bao, ningewapeleka Tandika wakaone mwalimu mstaafu alivyopasuliwa bila operesheni.

Dada hakukoma, lakini. Miaka michache baadaye alikuwa juu ya raizoni, vile viatu vya soli nene, na bugaluu, suruali pana chini, linafagia barabara, baba anageukia ukutani. Halafu zikaja siku zile za mwanzoni mwa miaka ya 80, tukapanga foleni ya khanga. Ukiipata doti huchagui jina, unachukua unashukuru. Mimi nilitembea mwaka mzima na maneno ya kumsimanga wifi, na wifi mwenyewe tunapendana, tumepanga foleni pamoja, na yeye kapata hiyo hiyo.

Lakini khanga hizo zilikuwa pamba! Watu wanaisahau pamba. Ulifua, ukaanika, kila ikifuliwa inazidi kulainika, na mwili unapumua. Na khanga haijui sentimita. Umenenepa, unalegeza fundo. Umekonda, unakaza. Hakuna mtu anayetangaziwa ng'ambo ya barabara. Nikiulizwa mimi, vazi la mwanamke mzima ni kitenge cha pamba, shingo pana inayopita kichwa bila kung'oa hereni, kiuno kisibane wala kisipotee, mikono ya kuweza kuinuliwa kupiga vigelegele. Hayo yote hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa ushonaji anayaweza. Hakuna anayeyataka.

Mkwe wangu, binti mzuri, hana baya, akaniambia, "Mama, kwani si uvae dera?" Dera. Dera nalipenda kwa jioni, sebuleni, feni ikiwa inazunguka. Nje ya nyumba nikilivaa, upepo ukiingia natangulia mimi, dera linafuata baadaye. Limeshanaswa na mlango wa bajaji, limeshaonja moto wa jiko la mkaa. Na kila ninayekutana naye ananiuliza kwa huruma, "Mwalimu, unaendeleaje?" Naendeleaje na nini? Siumwi, nimevaa dera!

Viatu sivisemi. Nimeomba kisigino kifupi, muuzaji akanipa mchuchumio, nikakataa, akanipa kandambili za kuogea. Cha katikati, anasema, mzigo haujaingia.

Yaani kweli inanikera, na nisiwafanyie utani. Ukishavuka sitini watu wana mawazo mawili tu juu yako: ama ufunikwe, ama ubanwe. Ufunikwe kwa sababu umezeeka, au ubanwe kwa sababu leo kuna sherehe na inabidi usionekane umezeeka. Mimi napenda rangi. Napenda hereni zinazoning'inia, napenda kilemba kisimame, napenda mtu akinipita ageuke. Na napenda kukaa. Mnajua sendofu ya siku hizi? Kadi inasema saa kumi na mbili, bibi harusi mtarajiwa anaingia saa tatu, emsii anaongea mpaka saa nne na nusu, chakula kinakuja wakati dawa ya presha imeshapita saa yake. Muda wote huo uko kwenye kiti cha plastiki kilichovalishwa kitambaa kingi kuliko wewe, satini imekukamata mgongo, na ukiitwa kucheza na zawadi unaitwa kwa jina, huponi. Na choo. Choo cha ukumbi ni cha kuchuchumaa, taa imeungua, sakafu ina maji, nawe una mkia wa samaki. Ushike nini, uinue nini, simu uiweke wapi wakati mfuko ni wa urembo? Kamati haijawahi kujadili choo hata siku moja. Rangi ya napkini ilijadiliwa siku mbili.

Niliporudi kwa fundi jana ile ile kumwambia aifumue zipu, akasema kufumua lesi ni gharama mpya. Nimemwachia. Gauni liko kwake, mimi niko hapa. Nimerudi kwa bodaboda, na bodaboda akanivalisha ile kofia ngumu iliyokwisha kuvaliwa na vichwa vyote vya Mbagala, juu ya kilemba changu. Nikamwambia haiingii. Akasukuma. Ikaingia. Kuitoa ndiyo tukahitaji mtu wa tatu, na kilemba kikatoka kikiwa chapati.

Nafika mlangoni nakuta kadi. Siyo ya hii, ni nyingine, mtoto wa binamu wa marehemu anaoa mwezi wa nne, huko ambako lami haijafika. Nimeifungua kwa uangalifu. Sare ya akina mama ni nyeupe. Nyeupe, masika, matope! Mchango wa mwisho ni tarehe ishirini. Mhazini hakungoja hata nivue viatu, simu hiyo inaita. Nikapokea, nikamwambia dada simu inakatakata, sikusikii vizuri, nadhani ni mtandao.

Akasema, "Mwalimu, mimi nipo hapa dirishani kwako."