Makila ya Larressore: ufundi wa ukoo au mali ya Wabaski wote?

Samaki mkunje angali mbichi, tunasema sisi. Wabaski, wenyeji wa pande zote mbili za milima ya Pyrenees, Ufaransa na Hispania, wao huuanza mkongojo ungali mti. Majira ya kuchipua, utomvu ukipanda, fundi huingia msituni na kuchanja gome la tawi la mizpirondo, mti mdogo wa matunda, bila kulikata. Jeraha hufunga, kovu hutuna, na tawi likija kukatwa wakati wa baridi, nakshi imeshaota yenyewe. Hupitishwa kwenye tanuri, gome likavuliwa, fimbo ikanyooshwa, kisha ikaachwa miaka kadhaa ikauke. Hiyo ndiyo makila.

Katika kijiji cha Larressore, upande wa Ufaransa, ukoo wa Ainciart Bergara umeishika kazi hii kwa zaidi ya karne mbili, mzazi akimwachia mtoto. Serikali ya Ufaransa imewapa alama ya Entreprise du Patrimoine Vivant, yaani kampuni ya urithi ulio hai. Lakini baadhi ya hatua za kazi ni siri ya nyumba yao.

Siri hiyo ndiyo inayonitatiza. Makila si fimbo ya mzee kwendea gulioni tu. Lehendakari, kiongozi wa serikali ya Wabaski wa Hispania, hukabidhiwa makila anapoapa katika mji wa Gernika. Papa Yohane Paulo II na Ronald Reagan ni miongoni mwa waliowahi kutunukiwa. Je, kitu ambacho watu wote hujivunia mbele ya wageni, ufundi wake ubaki kabatini mwa familia moja?

Wanaotetea familia wana hoja nzito kuliko inavyoonekana, nayo ni muda. Tawi lililochanjwa mwaka huu halitauzwa mwaka huu, wala ujao. Mwekezaji gani atakubali mali yake ikae hivyo ikikauka? Mzazi atakubali, kwa sababu anayeuza kesho ni mwanawe. Tena kila makila ina mwenyewe kabla haijakamilika: mteja huulizwa urefu na uzito wake, na jina lake pamoja na msemo wa Kibaski auchaguao huchorwa kwenye fimbo. (Chini ya mpini umefichwa mwiba wa chuma, wa kujihami njiani. Sijui wenye nazo huwaelezaje maaskari wa uwanja wa ndege.) Kazi ya namna hii haiendi haraka, na bei yake, mamia ya yuro, inafuata hapo.

Hata hivyo, ukoo ni uzi mwembamba. Mtoto mmoja akipenda kompyuta kuliko tanuri, siri inakwenda kaburini na babu. Mafundi wengine wa makila wapo, ila ni wachache. Na kuna tatizo la jina: kwa Kibaski, makila maana yake ni fimbo, basi. Anayechonga nakshi kwa kisu juu ya mti mkavu naye anaweza kumuuzia mtalii “makila”, na kwa lugha hatakuwa amedanganya.

Jirani yao hapo Espelette walitatua jambo linalofanana. Pilipili ya kijiji hicho ilipata ulinzi wa jina la asili mwaka 2000: mkulima yeyote wa eneo lililowekwa, akifuata kanuni, anaruhusiwa kulitumia jina. Umoja wa Ulaya nao umefungua mlango kama huo kwa kazi za mikono, kwa sheria ya mwaka 2023 iliyoanza kutumika Desemba 2025.

Mimi ningegawa mambo mawili. Uchanjaji wa mti ulio hai uandikwe kuwa sharti la jina, na kila fundi wa Kibaski aruhusiwe kuufanya. Rangi na ujanja mwingine wa nyumba ubaki wa nyumba. Siri ya biashara haijaua urithi, ila jina lisilo na mlinzi linaweza.

Ugumu ni kwamba pilipili huvunwa kila mwaka na mkaguzi huiona ikiwa shambani. Makila hufika mezani kwake miaka kadhaa baada ya kisu kugusa gome, mti lilikokatwa tawi ukiwa umeshachipua tena. Atakachobaki nacho kama ushahidi ni kovu lenyewe, na anayeweza kulitofautisha kovu lililoota na lililochongwa ni fundi aliyelelewa katika karakana kama ile ya Larressore.