Alama ya mlangoni kwa mama si ya Hitler

Kila Diwali, mama wa Kihindi anayeniuzia vitambaa hapa Kampala hulowanisha unga mwekundu, akachovya kidole na kuchora swastika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari jipya la hesabu. Huchora mikono minne iliyokunjwa, halafu nukta kila uwazi. Nyingine huichora mlangoni. Mwaka jana mteja mmoja aliiona hiyo ya mlangoni akafoka: "Mama, futa hiyo, ni ya Hitler!" Mama akanyamaza. Mimi nimeshindwa.

Neno lenyewe ni la Kisanskriti, maana yake heri na ustawi. Alama hiyo imo kwenye mihuri ya Bonde la Indus, ustaarabu wa kale wa huko Pakistan na India ya leo, ya zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Kwa Wajaini, wafuasi wa dini moja ya kale ya India, mikono minne ni hali nne ambamo roho huzaliwa upya. Hata huku kwetu Afrika ipo: nenda Lalibela, Ethiopia, utazame madirisha ya kanisa la Bete Maryam lililochongwa mwambani. Wanazi waliichukua mwaka 1920 tu.

Wapo wanaosema utazitofautisha kwa upande zinakogeukia. Si kweli. Ya Wahindu kwa kawaida hugeukia kulia, sawa na ya Wanazi. Cha kutazama ni nani ameichora, na kwa nia gani. Chini ya ile nyeusi, iliyoinamishwa ndani ya duara jeupe, Wayahudi milioni 6 waliuawa, na Ujerumani ina haki kabisa kuipiga marufuku.

Ila sisi Waganda tuna la kukumbuka zaidi. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 wawe wameondoka. Septemba, siku hizo zikiwa bado zinahesabiwa, alimpelekea Kurt Waldheim wa Umoja wa Mataifa telegramu ya kumsifu Hitler kwa kuwaua Wayahudi. Aliyemsifu Hitler ndiye aliyewafukuza wenye swastika milangoni. Leo tumwambie mama huyu alama yake ni ya Hitler? Ni kumwonea mara ya pili.

Baba yake alikuwa na duka mtaa huohuo. Daftari alilolifungua Diwali ya 1971 lilibaki mezani, anasema mama, kurasa za mwisho zikiwa tupu, na ile alama nyekundu ikiwa palepale mwanzoni.