Kikombe cha Loliondo na dozi ya kesho

Mwaka 2011 barabara ya vumbi iendayo kijiji cha Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, ilijaa magari kwa kilomita nyingi. Walikuja wenye kisukari, pumu, saratani na virusi vya UKIMWI, wengine wametolewa wodini. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, maarufu kama Babu, aliwanywesha kikombe cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500, akisema Mungu alimwonyesha ndotoni. Hata mawaziri walikunywa.

Wapo wanaowaita watu wale wajinga. Mimi siwezi. Mtu ameambiwa saratani imeshasambaa, shamba limeshauzwa kwa matibabu, na daktari mwenye foleni mlangoni hana muda wa kukaa naye. Akisikia kuna mahali anapokewa, anaombewa na kuambiwa atapona, kwa nini asiende? Matumaini hayo hayakuwa kosa, na anayeyabeza aseme kwanza yeye angempa nini mgonjwa huyo.

Lakini wapo waliofia njiani na kwenye foleni. Wapo pia walioacha dawa, na hapa ndipo ninapoumia zaidi. Anayeishi na VVU akiacha ARV, dawa za kufubaza virusi hivyo, virusi huanza kuzaliana tena ndani ya wiki chache huku yeye akijiona mzima. Anasimama kanisani na kushuhudia kwamba amepona, na hasemi uongo. Ndivyo anavyojisikia kweli. Wanaomsikiliza nao wanaweka vidonge kando. Miezi ikipita na hali ikibadilika, ni nadra kurudishwa mbele kutoa ushuhuda wa pili. Kwa mtoto mwenye kisukari anayetegemea insulini hata miezi haipo: akiikosa, siku chache tu zinaweza kumuua.

Watetezi wa uponyaji husema kushika dawa ni kukosa imani. Biblia yenyewe haiwaungi mkono. Mfalme Hezekia aliahidiwa na Mungu mwenyewe kwamba atapona, na bado nabii Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu lake (2 Wafalme 20). Ahadi na dawa zilikwenda pamoja.

Kwa hiyo sitaki maombi yapigwe marufuku. Nataka kila anayewawekea wagonjwa mikono awaambie, kwenye kipaza sauti kilekile cha shuhuda: anayeamini amepona akapime, na mpaka daktari amwambie aache, asiruke dozi.