"Mazoezi nyumbani": nani amfundishe nani?

Karatasi ya kuruhusiwa hospitalini aliyopewa shangazi yangu ilikuwa na maneno mawili tu kuhusu maisha yake baada ya upasuaji: "Mazoezi nyumbani." Kila nikiyasoma, hasira hunipanda upya.

Shangazi ana miaka 74. Aliteleza mwezi wa Aprili kwenye njia ya migombani, huko kwetu Rungwe ambako mvua haiombwi, akavunjika shingo ya mfupa wa paja. Madaktari wa hospitali moja jijini Mbeya walimwekea nyonga ya bandia, na nakiri, shingo upande, kwamba kazi yao ilikuwa safi. Walichokosea ni kudhani kwamba imekwisha.

Mwenye nyonga mpya kwa kawaida huambiwa asiikunje kupita nyuzi 90 katika wiki za mwanzo. Sasa mama wa Kinyakyusa anayekaa kwenye kigoda, anayepika kwenye mafiga na kuchuchumaa chooni, arudi nyumbani akafanye nini hasa? Hakuna aliyeuliza choo chetu kikoje. Hakuna aliyetuambia kwamba fimbo hushikwa kwa mkono wa upande wa mguu usioumia. Sisi tulimshikisha upande wa mguu mbovu wiki mbili nzima, tukijiona wauguzi. Nao ndugu, kwa upendo ambao ungeweza kumuua, wakaamuru kwamba mgonjwa apumzike, akalala mpaka ngozi ya juu ya makalio ikaanza kuwiva, dalili ya mwanzo ya kidonda cha kulalia. Mzee aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga hulala kitandani kwa gharama ya vidonda, nimonia na damu kuganda miguuni, ndiyo maana huinuliwa mapema, mara nyingi kesho yake tu.

Najua wataalamu wa fiziotherapia, yaani mazoezi tiba, ni wachache, na yule wa wodini alikuwa na foleni. Hata hivyo, kumfundisha binti anayemuuguza hakuhitaji mashine. "Mrudisheni kliniki kila wiki," tuliambiwa, kana kwamba kutoka migombani hadi lami mtu hapandi bodaboda, tena na nyonga ya wiki tatu! Sera ya Taifa ya Wazee tunayo tangu 2003. Sina la kuongeza. Aliyependekeza makazi ya wazee alinyamazishwa na shangazi mwenyewe.

Wiki ya tano tulimpata mama mmoja wa Kiwira, mtaalamu wa mazoezi tiba aliyestaafu. Alikagua choo kabla ya kumgusa mgonjwa. Alimwagiza seremala atengeneze kiti chenye tundu cha kuweka juu ya shimo, akapandisha kitanda kwa matofali manne, akahamisha fimbo mkono, kisha akamsimamisha shangazi na kumtembeza hadi mlango wa jiko, binti akitazama na kurudia kila hatua. Yote hayo yalichukua asubuhi moja.