Njia yangu ya kazini iko juu ya bomba la kinyesi

Kila asubuhi nikitoka Plaistow kwenda kazini Stratford, huku mashariki ya London, napita Greenway, njia ya miguu na baiskeli iliyoinuka kama tuta la reli. Nilikaa karibu mwaka mzima bila kujua kwamba ndani ya tuta lile kuna mabomba ya maji taka ya London kaskazini, yanakwenda kwenye mtambo wa maji taka wa Beckton.

Juzi dada alinipigia kutoka kwetu Tandale, Dar es Salaam. Mvua zimeanza, na mwenye nyumba wa jirani ametapisha choo tena usiku. Kama hujui kutapisha, una bahati: shimo likijaa, watu wanasubiri mvua kubwa, wanatoboa ukuta, maji yanabeba kila kitu hadi mlangoni kwa mwenzio. Dada akamalizia na wimbo wake: "Sisi Waswahili wachafu tu, mdogo wangu. Wazungu wamezaliwa na usafi."

Wamezaliwa nao wapi! Hapa ninapoishi ndiyo West Ham ya zamani, na ilikuwa Tandale yenye baridi. Mwaka 1851 ilikuwa na watu kama 19,000. 1901 walishafika 267,000. Sheria ya majengo ya London ya 1844 ilipovibana viwanda vinavyonuka, vilivuka mto Lea vikaja huku, wakati ule ni Essex, nje ya London, ambako sheria hiyo haikufika. Vibarua wakavifuata, wenye nyumba wakajenga chapuchapu kwenye tope, mitaro ikasimama na uvundo wake. Bodi ya afya ya mtaa ilipatikana 1856, watu wameshajaa.

Kinachoniuma zaidi ni hili tuta. Mwaka 1858 mto Thames ulinuka hadi wabunge wakashindwa kuvumilia, pesa zikatoka, mhandisi Bazalgette akajenga mabomba yake. Bomba kuu likakatiza West Ham likiwa na uchafu wa wenzao wa London, ng'ambo ya mto Lea. West Ham yenyewe, kwa kuwa ilikuwa nje ya mpaka wa London, ikabaki na mitaro yake. Waulize watu wa Vingunguti, Dar hiyo hiyo, wanaotazama magari ya maji taka yakienda kumwaga mabwawani huku kwao wanachimba shimo.

Mwaka 1866 kipindupindu kiliua watu zaidi ya 5,500 mashariki ya London. Kampuni ya maji ilishikilia kwamba maji yake yamechujwa, na wateja wanakuta mikunga kwenye mabomba. Mikunga wale samaki, si wakunga wa wazazi.

Mimi ni yule yule wa Tandale. Huku sijawahi kutapisha choo, na si kwamba nimestaarabika: navuta maji, basi. Bwana afya kwetu yupo, ila anakuja na faini, wakati gari la kunyonya halipiti uchochoroni na likipita bei yake inamshinda mpangaji. Sheria ya Uingereza ya 1875 ilimkamata mwenye nyumba kabla hajajenga: bila mfereji wa maji taka na choo, nyumba mpya ni marufuku. Kwetu tunamngoja ajenge, apangishe, shimo lijae, halafu tunawatukana wapangaji kwamba hawana ustaarabu.

Dada hakukubali hata nusu. Aliniuliza swali moja tu, kama hilo bomba langu linanuka. Nikamwambia siku za joto linanuka sana. "Kumbe!" akacheka, akakata simu akamwage majivu mlangoni.